Ngome ya Horombo: Kuta za Keni Zilijengwa kwa Ajili ya Nani?

Msafiri anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa pili Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Zamani kibanda cha pale kiliitwa kwa jina la Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa kituo cha Marangu mwaka 1891, akamnyonga mtumishi aitwaye Mabruk na baadaye msichana aitwaye Jagodja, hata mwaka 1897 serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi. Jina la Peters likaondolewa, likawekwa la Horombo, na ilikuwa haki kabisa. Hasara iliyopatikana ni ndogo, ila ipo: maelfu ya watu wanaolitamka jina hilo kila mwaka wanadhani ni jina la kibanda, au la sehemu ya mlima. Horombo alikuwa mtu. Alikuwa mangi, yaani mtawala, wa Keni, nchi ndogo iliyopakana na Mkuu katika Rombo, mwanzoni mwa karne ya 19, na kazi yake kubwa haiko kwenye baridi ya juu wanakopita wageni. Iko chini, kwenye migomba na kahawa, ambako alijenga ngome ya mawe na kuifanya makao ya nchi pana kuliko yoyote iliyowahi kushikwa na mtu mmoja upande huo wa mlima.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu ngome hiyo ni mafupi. Wamasai walikuwa wakivamia, Wachagga wakaogopa, mangi mwenye nguvu akajenga ukuta. Maelezo haya yana chembe ya ukweli, lakini hayatoshi, na nitajaribu kuonyesha kwa nini. Ninavyousoma ushahidi uliopo, kuta za Keni zilijengwa kwa ajili ya watu wa ndani kabla ya adui wa nje. Horombo alikuwa ameshinda nchi nyingi kwa haraka, na kila moja ilikuwa na mangi wake, koo zake na kumbukumbu zake. Alihitaji kitu cha kuwafanya watu hao waje mahali pamoja, wafanye kazi moja, na kuona kwa macho yao kwamba amri sasa inatoka Keni. Ujenzi ndio ulikuwa kitu hicho. Ukuta uliobaki ni alama ya jaribio la kuunda dola, na jaribio hilo lilishindikana kwa sababu ambazo ukuta wenyewe hauwezi kuzitibu.

Ili kuelewa uzito wa jaribio lenyewe, lazima kwanza kuijua ardhi. Kilimanjaro haikuwa na mji mkuu kwa sababu haikuwa nchi moja. Mvua na maji ya mlima yamekata makorongo marefu yanayoshuka kutoka msituni hadi tambarare, na kati ya korongo na korongo pana mgongo wa ardhi yenye rutuba. Kila mgongo, au migongo michache iliyokaribiana, ilikuwa nchi yenye mangi wake. Ndani ya nchi hiyo kila ukoo ulikuwa na vihamba vyake, yaani mashamba ya nyumbani, vilivyorithiwa kutoka kwa babu waliozikwa humo humo, na pale palipokuwa na maji kulikuwa na mifongo, yaani mifereji ya maji, iliyochimbwa na kusafishwa na wenyewe. Mtu angeweza kuishi maisha yake yote bila kuwa na haja ya kumtii yeyote aliye ng'ambo ya korongo la pili. Rombo, upande wa mashariki chini ya Mawenzi, ina ugumu wa ziada: ni kavu kuliko Machame au Kibosho, mito ya kudumu ni michache, na mteremko wake unatazama moja kwa moja tambarare za Tsavo na Taveta na Ziwa Chala lililo mpakani mwa Kenya ya leo. Ukisimama Keni unaiona nyika kwa umbali mrefu sana, na mtu wa nyikani naye anauona mlima.

Keni yenyewe ilikuwa ndogo hata kwa vipimo vya Wachagga. Hili ni jambo la kulishika, kwa sababu hoja yote inasimama juu yake. Masimulizi yaliyokusanywa baadaye yanakubaliana kwamba Horombo alitoka katika nchi hiyo ndogo akaishinda Mkuu jirani yake, akapanda hadi Mashati na Usseri upande wa kaskazini, kisha akageukia kusini na magharibi kwenye Mwika, Mamba na Marangu, hadi kufika kwenye mipaka ya Kilema. Si vigumu kuona alichokifuata. Mamba ni nchi ya wahunzi. Hadi leo wahunzi wa Mamba Kokirie wanafua mikuki na visu kwa mivukuto, na yeyote aliyeitawala Mamba alikuwa na chuma karibu na mkono wake. Usseri ilitazama njia za Wakamba waliokuja mlimani kutafuta pembe za ndovu. Mtu aliyeshika Usseri kwa mkono mmoja na Mamba kwa mkono wa pili alikuwa ameshika biashara na silaha kwa pamoja, na Keni, ambayo hapo awali ilikuwa imebanwa katikati, ikawa katikati kwa maana nyingine: mahali ambapo ng'ombe na mazao ya ushuru, na vijana wa vita, vingeweza kukutana bila upande mmoja kutembea mno kuliko mwingine.

Hapo ndipo alipojenga. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyeandika kitabu juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924, aliyaona mabaki ya ngome akayaeleza kwa mshangao, na Kathleen Stahl, aliyechapisha historia ya Wachagga mwaka 1964 baada ya kuzunguka nchi zote za mlimani akiwahoji wazee, naye aliyataja kama kazi isiyo na ya kulinganishwa nayo upande wa mashariki. Mawe ni ya volkano, yale yale ambayo mkulima wa Rombo huyang'oa shambani anapolima, yamepangwa jiwe juu ya jiwe bila chokaa ya pwani wala saruji. Ukuta wa namna hii unadai ujuzi ambao mpita njia hauoni. Jiwe kubwa hukaa chini, na uso wake uliotulia hugeuzwa nje. Dogo hushindiliwa kwenye pengo ili kubwa lisicheze. Na mvua za masika zikipita, ukuta uliopangwa vibaya hubomoka wenyewe bila adui kuugusa. Wachagga walikuwa na ujuzi huo tayari kutokana na kuzuia udongo wa vihamba usiporomoke na kupitisha mifongo kando ya majabali. Kigeni kilikuwa ukubwa wa kazi. Masimulizi yanasema Horombo alileta watu wa kujenga kutoka nchi alizozishinda, kila nchi ikitoa nguvu kazi yake. Hata kama tungeyaweka masimulizi kando, mawe yenyewe yangetulazimisha kufikiri hivyo, kwa sababu watu wa Keni peke yao, wenye migomba ya kuhudumia na ng'ombe wa kukatia majani, wasingeweza kuinua kazi hiyo huku vijana wao wakiwa vitani.

Fikiria basi maana ya kazi hiyo kwa mtu wa Usseri au wa Mwika. Msaragambo si jambo geni Kilimanjaro. Watu walitoka pamoja kuchimba mfongo au kulima shamba la mangi, na mangi aliyeita msaragambo alitarajiwa kulisha na kunywesha mbege. Lakini msaragambo wa kawaida ulikuwa wa nchi yako, kwa faida unayoiona. Kutoka Usseri kwenda Keni kubeba mawe ya ukuta usiolinda nyumba yako ni jambo la aina nyingine kabisa. Ni kukiri utii kwa mgongo na mikono. Kila siku ya kazi mtu huyo alikutana na watu wa Mkuu, wa Mashati, wa Mamba, waliokuja kwa amri ile ile, na jioni wote waliuona ukuta umepanda. Watawala wa kila bara wameijua nguvu ya jambo hili. Ngome huwafundisha raia wao ni raia wa nani kabla hata haijarushiwa mshale mmoja.

Mtu atapinga, na ana haki ya kupinga: je, Wamasai? Hawakuwa hadithi. Katika karne ya 19 walivamia nchi za mlimani mara kwa mara kutafuta ng'ombe, na Rombo inayotazama nyika ilikuwa wazi kwao. Kwa nini tutafute sababu ya kisiasa wakati ya kijeshi iko mbele ya macho? Jibu langu linaanza na jinsi watu wa kawaida walivyojilinda. Karibu kila upande wa Kilimanjaro, Rombo ikiwemo, watu walichimba mahandaki chini ya vihamba vyao. Mengine yangali yanaonyeshwa huko Mamba na Marangu. Mlango ni mdogo kiasi kwamba anayeingia lazima ainame au atambae, kichwa kikitangulia, na ndani ya kona ya kwanza palikuwa na nafasi ya mlinzi mwenye rungu au mkuki kumsubiri asiye wa nyumbani. Zaidi ya hapo pana vyumba vya watu na mifugo, na matundu ya hewa yaliyofichwa juu, kwenye migomba. Udongo uliochimbwa uliondolewa na kutawanywa mbali ili usimwonyeshe adui mahali pa kutafuta. Hiyo ndiyo teknolojia ya kujikinga na mvamizi anayekuja haraka, anayetaka ng'ombe na si ardhi, na asiyekusudia kukaa mwezi mzima akizingira. Inafanya kazi kwa kujificha.

Ngome ya Horombo inafanya kinyume chake kabisa. Inajitangaza. Inasimama mahali pamoja, na haiwezi kumsaidia mama wa Usseri ambaye mvamizi ameingia kwenye kihamba chake, kwa sababu kabla hajafika Keni na watoto na mbuzi wake, Mmasai amekwisha kurudi nyikani. Kama lengo lingekuwa kuwalinda watu wa nchi yote dhidi ya uvamizi wa haraka, mali na nguvu iliyotumika Keni ingefaa zaidi kama ingegawanywa katika mahandaki ya kila mtaa. Nakubali sehemu moja ya pingamizi hili. Horombo aliteka ng'ombe wengi, na ng'ombe waliotekwa ni hazina inayotembea. Lazima iwekwe mahali pasipofikika kwa urahisi, na Wamasai walikuwa wezi wa kwanza wa kuogopwa. Kwa hiyo kuta zilikuwa na kazi ya ulinzi. Lakini angalia zilimlinda nani: mangi, jamaa zake, mashujaa wake na mifugo yake, yaani kiini cha utawala. Raia alibaki na handaki lake. Ujenzi wa aina mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, unaonyesha kwamba dola na watu wake walikuwa bado hawajawa kitu kimoja.

Na kifo chake kinatoa ushahidi wa ziada. Horombo hakufia ngomeni. Masimulizi yanasema aliuawa na Wamasai waliomvizia akiwa nje, katika vita vya wazi. Hakuna kumbukumbu ya Keni kuzingirwa na kuangushwa. Kama ngome ingekuwa ndiyo nguzo ya nchi yake, nchi ingesimama hata baada ya yeye kuanguka, kwa kuwa kuta zilikuwa palepale, bila hata jiwe moja kutikiswa. Badala yake, nchi aliyoiunganisha ilirudi vipandevipande. Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipopanda kutoka pwani na kuuona mlima wenye theluji tarehe 11 Mei, alimkuta Kilema mangi aitwaye Masaki akitawala nchi yake mwenyewe. Mwaka uliofuata alimkuta Mamkinga Machame, naye na yake. Kila nchi ilikuwa imerudi kwa bwana wake.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa pili wa mlima. Sina wa Kibosho naye alijenga ngome, miongo kadhaa baada ya Horombo, na ngome ile ilipigwa vita kweli. Kwa hiyo, atasema msomaji makini, Wachagga walijua kujenga ngome kwa ajili ya vita, na hakuna sababu ya kuifanya Keni kuwa tofauti. Kibosho inastahili kuangaliwa kwa karibu. Sina alikuwa mshindani mkubwa wa Rindi wa Moshi, yule ambaye Wazungu walimwita Mandara, na mashindano yao yalikuwa ya enzi nyingine: bunduki zilikuwa zimefika kwa misafara ya Waswahili kutoka pwani, na pembe za ndovu na watumwa vilikuwa vimeigeuza vita kuwa biashara. Rindi alichagua diplomasia. Mwaka 1885 alitia saini mkataba na Karl Jühlke, mjumbe wa kampuni ya Wajerumani, na mwaka 1889 akatuma wajumbe wake hadi Berlin. Sina alichagua mawe na baruti. Boma lake Kibosho lilikuwa na kuta za mawe, mitaro na njia za chini kwa chini, na milango iliyobana hata watu wakalazimika kuingia mmoja mmoja. Februari 1891 Hermann von Wissmann alikuja na askari na mizinga, pamoja na mashujaa wa Rindi waliokuwa na hesabu zao za zamani na Kibosho, na baada ya mapigano makali boma likavunjwa.

Je, Kibosho inaiangusha hoja yangu? Nadhani inaiimarisha. Tazama kilichofuata baada ya boma kuvunjwa. Sina hakuuawa, aliishi hadi 1897 na akaendelea kuwa mangi wa Kibosho. Lakini nchi za jirani alizokuwa amezitisha na kuzitoza zilimponyoka mara moja, kwa maana kitu kilichokuwa kikizishika kilikuwa hofu ya mahali pale. Boma la Sina lilijengwa kwa vita, naam, na lilipiganiwa kwa ushujaa ambao hata Wajerumani waliuandika; lakini kazi yake ya kila siku, katika miaka yote ambayo hakuna aliyelishambulia, ilikuwa kuwashikilia wanyonge karibu. Bunduki zilimpa Sina sababu ya kuongeza unene wa ukuta na kuchimba njia za siri. Msingi wa jambo ulikuwa ule ule wa Keni.

Wajerumani wenyewe waliielewa lugha hiyo haraka. Mwaka 1893, baada ya kumshinda Meli mwana wa Rindi, waliondoa kituo chao Marangu wakakihamishia Moshi, kwenye mgongo ambao sasa tunauita Old Moshi, juu ya vihamba, mahali ambapo kila mtu wa tambarare angeweza kupaona. Huko ndiko walikomnyonga Meli tarehe 2 Machi 1900, pamoja na Molelia wa Kibosho, mwana wa Sina, Ngalami wa Siha na wengine, jumla watu 19. Boma lilikuwa jipya, ila mantiki yake ilikuwa ya mlimani: mtawala anakaa juu, nchi zilizoshindwa zinaletwa kwake kutazama. Mji wa Moshi wa leo ulishuka tambarare kwa sababu ya reli ya Tanga iliyofika mwaka 1911. Ukoloni ulipohitaji mabehewa ya kahawa kuliko ulivyohitaji kuonekana, ukauacha mgongo ule ukafuata stesheni.

Liko pia swali la ushahidi. Habari za Horombo ziliandikwa miongo mingi baada yake, na wengi walioziandika walikuwa wageni. Tena kila nchi ya Wachagga ilikuwa na sababu ya kusimulia kwa faida yake. Mkusanyaji wa kwanza wa Kichagga, mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu, aliyeandika madaftari ya historia za nchi mbalimbali katika miaka ya 1910, alitoka katika nchi ambayo Horombo aliishinda. Lakini hapo hapo ndipo ninapoona uthabiti wa masimulizi. Mtu akikusifia babu yake, una haki ya kutilia shaka. Nchi iliyoshindwa ikikiri kwamba ilishindwa, tena na mtu wa Keni ndogo, na kumbukumbu hiyo ikidumu katika nchi ambazo hazikuwa na sababu ya kuipenda, basi kuna jambo lililotokea. Juu ya hayo yapo mawe. Masimulizi yanaweza kuongezwa chumvi. Ukuta hauongezeki kwa kusimuliwa.

Tukipanua macho, Horombo hakuwa peke yake barani. Miaka ile ile, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19, Andrianampoinimerina wa Madagaska aliunganisha nchi za vilima vya Imerina na kuhamia kilima cha Antananarivo, ambako jumba la wafalme, Rova, limeutazama mji mkuu kutoka juu tangu hapo, hata baada ya moto wa Novemba 1995 kuliteketeza. Kusini zaidi, mwaka 1824, Moshoeshoe alipanda na watu wake juu ya Thaba Bosiu, mlima wenye kilele bapa na kingo za majabali. Maburu walijaribu kuuteka mwaka 1858 na tena 1865, wakashindwa. Maseru, mji mkuu wa Lesotho, upo karibu na mlima huo, na nchi aliyoianzisha Moshoeshoe ina bendera yake Umoja wa Mataifa.

Kwa nini Thaba Bosiu ilizaa nchi na Keni haikuzaa? Jibu rahisi ni kwamba mlima wa Moshoeshoe ulikuwa mgumu zaidi kuteka. Lakini Keni haikutekwa, kwa hiyo jibu hilo halitufikishi popote. Tofauti ninayoiona iko katika namna watu walivyofika. Waliomfuata Moshoeshoe wengi walikuwa wakimbizi waliopoteza ardhi na mifugo katika vita vya wakati ule. Aliwapa mahali pa kukaa na kuwakopesha ng'ombe wa kufuga, na mtu aliyekopeshwa ng'ombe, mwenye watoto wanaokunywa maziwa yake, ana sababu ya kutaka utawala uendelee. Waliofika Keni hawakuwa wakimbizi. Walikuwa na vihamba vyao nyumbani, makaburi ya babu zao, migomba inayowasubiri. Walikuja kutoa, na Horombo hakuishi kiasi cha kuwapa kitu ambacho wangekipoteza kwa kuondoka kwake. Alipokufa, kurudi kwenye mgongo wako kulikuwa jambo jepesi kuliko yote, kwa sababu kwa kweli hukuwahi kuuacha.

Sitaki kuonekana namlaumu. Mtu aliyetoka katika nchi ndogo kama Keni, bila maandishi, bila bunduki, akaona kwamba Rombo ingeweza kuwa kitu kimoja, aliona mbali kuliko waliomtangulia na wengi waliomfuata. Na wazo lake lilirudi tena na tena kwa mikono mingine. Wajerumani, chini ya Kapteni Johannes, walimpa Marealle wa Marangu mamlaka hadi Rombo, na watu wa Rombo wakalichukia jambo hilo kwa sababu safari hii amri ilitoka nje yao. Mwaka 1946 Waingereza waligawa Uchagga katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila moja na mangi wake mkubwa, na mwaka 1952 Thomas Marealle akasimikwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, hadi cheo hicho kilipofutwa mwaka 1960. Leo Rombo ni wilaya, yenye jina lililotokana na mangi huyo, na makao yake makuu yako Mkuu, jirani kabisa na Keni. Hakuna aliyewaamuru wapanga wilaya wakae karibu na kuta za zamani. Walichagua kama alivyochagua yeye, kwa kuwa ukitaka kufikiwa na mtu wa Tarakea na mtu wa Mamsera kwa pamoja, hapo ndipo katikati palipo.

Ndiyo sababu inaniuma kuona ngome hii haimo katika vichwa vya watu. Mtoto wa shule Rombo anafundishwa Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, na ni vyema aifahamu. Anaweza kulitaja boma la Mkwawa Kalenga lililoangushwa na Wajerumani Oktoba 1894. Kuta zilizo umbali wa mwendo wa asubuhi kutoka darasani kwake zinapaswa kuwa katika somo hilo hilo. Tanzania imekuwa na sheria ya mambo ya kale tangu 1964, na ngome ya mtawala wa kienyeji iliyojengwa kwa mikono ya wenyeji inastahili ulinzi wake sawa na gereza la pwani au boma la Mjerumani. Jiwe la ukuta wa kale ni jiwe zuri la msingi wa nyumba, tayari limechaguliwa, na ukuta usio na mwenyewe huondoka jiwe moja moja bila mtu yeyote kukusudia kuuharibu.

Kazi ya kwanza ingekuwa kuupima: kuchora kila kipande kilichobaki, kuhesabu malango, kuangalia mahali ambapo ukuta mmoja unakutana na mwingine. Na hapo hoja yangu inaweza kujaribiwa kwa haki. Ikiwa kila nchi ilileta watu wake na kila kikosi kilipewa sehemu yake, kuna uwezekano mkubwa kwamba mikono tofauti ilipanga mawe kwa namna tofauti, na viungo kati ya sehemu na sehemu vinaonekana hadi leo kwa mtu anayejua kuangalia. Ikiwa ukuta wote ni wa mkono mmoja, wa mtindo mmoja, uliopanda polepole kwa miaka mingi, basi nimekosea, na Keni ilijijengea yenyewe kwa hofu yake yenyewe. Wapimaji wa Idara ya Mambo ya Kale, na wanafunzi wa akiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wangeweza kulimaliza swali hili kwa kamba, kamera na misimu michache ya kiangazi, wakiongozwa na wazee wa Keni ambao mashamba yao yanapakana na mawe hayo.